Barua, pauni milioni 120 na kikomo kilichogoma kusogea

Chukua pauni 15. Zidisha mara wiki 6 za likizo ya kiangazi, unapata 90. Zidisha tena mara watoto milioni 1.3, unafika karibu na milioni 120. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini katikati ya Juni 2020 ndiyo iliyomlazimisha Waziri Mkuu wa Uingereza, Boris Johnson, kumeza maneno ya jana yake. Jumatatu tarehe 15 serikali ilishikilia kwamba haitalipia chakula cha watoto maskini wakati wa likizo. Jumanne mchana ikatangaza kwamba itakilipia, England nzima, wiki zote 6.

Aliyeisukuma ni Marcus Rashford, wakati huo mshambuliaji wa Manchester United mwenye miaka 22. Kisa chake kimesimuliwa sana kama habari ya kijana mwenye moyo mwema aliyeishinda serikali. Moyo mwema alikuwa nao, sina ubishi. Lakini mimi nimekifuatilia kwa sababu nyingine. Kisa hiki kinaonyesha nini kinaifanya serikali ifungue mkoba kwa ajili ya wenye njaa, na nini kinaifanya iufungue kidogo tu kisha iufunge. Anayepigania fedha za chakula ana mengi ya kuokota humu, hasa katika ile sehemu ambayo wasimuliaji huiruka, yaani yaliyofuata baada ya makofi.

Wiki 13

Mlo wa bure wa mchana katika shule za England una milango miwili. Tangu Septemba 2014, watoto wote wa miaka mitatu ya mwanzo ya shule hula bure na hakuna anayeuliza mzazi anapata nini. Kuanzia hapo mlango unakuwa mwembamba. Kaya nyingi za kipato cha chini hupokea posho ya serikali iitwayo Universal Credit, ila kuipokea hakukutosha. Aprili 2018 liliwekwa sharti la ziada: mapato ya kazi ya kaya, baada ya makato na bila kuhesabu posho, yasizidi pauni 7,400 kwa mwaka. Yalipozidi kwa pauni moja, mtoto aliyeanza kudai mlo alilipa. Naomba msomaji aikumbuke tarakimu hiyo, kwa sababu ndiyo itakayobaki imesimama kwa miaka mingi.

Na hata aliyepita mlangoni alikula siku za masomo tu. Mwaka wa shule una wiki 39. Zile 13 zilizobaki ni likizo, na mzazi ambaye serikali yenyewe imekiri kwamba hamudu kulipia mlo mmoja kwa siku anatakiwa aupate kwa mshahara uleule, huku akitafuta wa kumwangalia mtoto aliyekuwa akishinda shuleni.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuziruhusu halmashauri kulisha watoto wa shule, baada ya nchi kushtuka kuona vijana wengi waliojitokeza kupigana vita vya Makaburu wakikataliwa kwa udhaifu wa miili. Mji wa Bradford ulikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1907 daktari wa shule mjini humo, Ralph Crowley, pamoja na Marian Cuff aliyesimamia mapishi, waliwalisha kikundi cha watoto wa familia maskini kuanzia Aprili hadi Julai, na wakawa wanawapima uzito. Uzito ukapanda. Ikaja likizo fupi ya Pentekoste, milo ikasimama, uzito ukashuka. Shule zilipofunguliwa ukapanda tena. Ule mstari wa mchoro wao, unaotumbukia kwenye wiki ya likizo kisha kuinuka, naona ndiyo hoja fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya suala hili. Ulichorwa miaka 113 kabla ya barua ya Rashford.

Kwa hiyo mwaka 2020 hakuna aliyeweza kusema hajui. Maarifa yalikuwepo zaidi ya karne nzima. Kilichokosekana ni fungu la bajeti, na mtu wa kulidai mahali ambapo kukataa kungeonekana na wote.

Kisha ikaja korona. Tarehe 20 Machi 2020 shule zilifungwa kwa watoto walio wengi. Serikali ikaanzisha vocha ya pauni 15 kwa wiki kwa kila mtoto mwenye haki ya mlo wa bure, mzazi akitumiwa msimbo wa kutumia supamaketi. Wazo zuri, mwanzo mbaya. Tovuti ya kampuni iliyopewa kazi ililemewa, walimu wakakesha wakingoja iwaruhusu kuingia, na wapo wazazi ambao vocha zao zilikataa mbele ya keshia, bidhaa zikiwa zimeshapita kwenye mashine. Anayejiuliza kwa nini watu wenye haki ya msaada wakati mwingine hawauombi, aifikirie dakika ile moja: foleni nyuma yako, mtoto ubavuni, na wewe unaanza kurudisha maziwa.

Pamoja na hayo, vocha zilifika kwa walio wengi. Zikaendelezwa wakati wa Pasaka na likizo ya mwisho wa Mei. Kuhusu kiangazi, serikali ikasema basi. Wales, yenye mamlaka yake juu ya elimu, ilikuwa imeshatangaza tangu Aprili kwamba italisha watoto wake kiangazi chote. Mpaka wa England na Wales hauna hata ukuta, lakini ungekuwa ndio unaoamua mtoto yupi ale Agosti na yupi asile.

Barua

Kabla ya kuandika, Rashford alikuwa ameshafanya kile ambacho watu wengi wenye majina hufanya. Aliungana na FareShare, shirika linalokusanya chakula cha ziada na kukigawa, na juhudi zile zilisaidia kupata takriban pauni milioni 20. Ni fedha nyingi, na ziliwafikia watu. Lakini ziweke kando ya ile hesabu ya mwanzo. Mchango mkubwa kiasi hicho, ukiongozwa na mchezaji wa timu inayojulikana dunia nzima, ni sehemu moja kati ya sita ya kilichohitajika kwa mlo mmoja wa siku za kazi, kwa kiangazi kimoja, katika England peke yake. Hapo ndipo hoja ya hisani kujaza pengo la serikali inapovunjika, na haivunjwi na itikadi ya mtu yeyote. Kinachoivunja ni kugawanya kwa sita.

Barua ya wazi aliyoitoa tarehe 15 Juni iliandikwa kwa wabunge wote. Niliisoma siku zile na nimeirudia mara nyingi, kwa sababu imejengwa vizuri kuliko nyaraka nyingi za wataalamu. Anaanza nyumbani. Mama yake alifanya kazi kwa saa kamili kwa mshahara wa kima cha chini ili jioni kuwe na chakula mezani, na bado hakikutosha. Anakumbuka klabu za kifungua kinywa, milo ya bure ya shule, wema wa majirani na makocha, na safari za kila mwaka kwenda Northern Moor, mtaa wa Manchester, kuchukua chakula cha Krismasi. Anasema mfumo haukujengwa ili familia kama yake ifanikiwe, hata mama yake angejituma vipi.

Tazama maneno hayo yanafanya kazi gani. Kila anayeomba fedha za chakula hukutana na tuhuma ileile, kwamba wazazi hawa hawajishughulishi na fedha zao zinaishia kwenye anasa. Unaweza kuijibu kwa jedwali la takwimu na bado isife. Rashford hakuijibu kabisa. Alimweka mama yake pale mbele, mwanamke aliyefanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, na tuhuma ikakosa pa kukaa. Na hakuwa mgeni aliyekuja kusimulia shida za watu wengine, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtoto anayezungumziwa. Aliwaambia wabunge kwamba miaka 10 kabla angekuwa mmoja wa watoto wale, na sauti yake wasingeisikia.

Kisha akaja kwenye ukubwa wa tatizo, na hapo akafanya jambo la mtu anayewajua wasomaji wake. Shirika la Food Foundation lilikuwa limekadiria kwamba watoto 200,000 walikuwa wameruka milo wakati wa zuio la kutoka nje, kwa sababu familia zao hazikuweza kupata chakula. Rashford aliandika kwamba watoto hao wangejaza uwanja wa Wembley zaidi ya mara mbili. Mwingereza aliyewahi kuketi Wembley hana haja ya kuelezwa zaidi. Anaviona viti.

Mwisho akadai kitu kimoja tu: futeni uamuzi wa kusitisha vocha wakati wa kiangazi. Hakudai umaskini utokomezwe wala mfumo mzima wa posho uandikwe upya, ingawa vyote hivyo vilistahili kudaiwa. Aliomba kitu ambacho tayari kilikuwepo, chenye bei inayojulikana, chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Waziri hakuweza kusema linahitaji kuundiwa tume, wala Hazina haikuweza kusema haijui litagharimu kiasi gani. Kilichobaki kilikuwa ndiyo au hapana, na hapana ingesomwa na mamilioni.

Sitaki kuifanya barua iwe uchawi, maana mazingira nayo yaliibeba. Chama cha Labour kilikuwa kimepanga mjadala bungeni juu ya suala hilohilo Jumanne tarehe 16, kwa hiyo wabunge wa chama tawala cha Conservative walijua kwamba kabla ya jioni wangetakiwa kupiga kura na majina yao yaonekane. Baadhi yao, akiwemo Robert Halfon aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Elimu, walikuwa upande wa vocha. Asubuhi ya siku hiyo Rashford aliandika mfululizo wa jumbe akiwataka watu wawafikirie wazazi ambao hata maji wamekatiwa. Waziri wa Kazi na Pensheni, Thérèse Coffey, akamjibu kwa kumsahihisha kwamba maji hayawezi kukatwa. Kwa sheria alikuwa na hoja. Lakini watu walikuwa wakiongelea watoto wasiokula, na jibu la serikali lililowafikia asubuhi ile lilikuwa juu ya bomba. Saa chache baadaye pauni milioni 120 zilitangazwa.

Oktoba, mlango ukafungwa

Baada ya ushindi ule Rashford angeweza kurudi mazoezini na kuacha jina lake liendelee kung'aa. Tarehe 1 Septemba alirudi na kikosi kazi kilichojumuisha supamaketi kubwa na mashirika ya chakula, na madai matatu yaliyotokana na ripoti ya Mkakati wa Taifa wa Chakula iliyoongozwa na Henry Dimbleby na kutolewa Julai. La kwanza, mlo wa bure kwa kila mtoto wa miaka 7 hadi 16 ambaye kaya yake inapokea Universal Credit, jambo ambalo lingewafikia watoto milioni 1.5 zaidi. Kwa maneno mengine, kile kikomo cha pauni 7,400 kifutwe. La pili, mpango wa chakula na michezo wakati wa likizo uenee England nzima. La tatu, vocha za Healthy Start kwa wajawazito na watoto wadogo zipande kutoka pauni 3.10 hadi 4.25 kwa wiki na ziwafikie kaya zote zilizo kwenye posho hiyo.

Ninaomba msomaji apaangalie hapa kwa makini. Dai la Juni lilikuwa ruzuku ya wiki 6. La kwanza la Septemba lilikuwa kubadili kanuni. Ruzuku ina mwisho, na Hazina huijua tarehe yake. Kanuni ikishabadilika, mtoto anakuwa na haki mwaka huu na mwakani, hata kama hakuna mchezaji anayeandika barua. Ndiyo maana serikali yoyote hutoa ruzuku kwa urahisi kuliko inavyogusa kanuni.

Oktoba Labour ikapeleka hoja bungeni ya kuendeleza milo ya likizo hadi Pasaka 2021. Tarehe 21 hoja ikaangushwa kwa kura 322 dhidi ya 261. Wabunge watano wa Conservative walipiga kura pamoja na upinzani, Halfon akiwemo. Mmoja wao, Caroline Ansell, aliachia nafasi yake ya usaidizi serikalini.

Hoja za serikali zisidharauliwe, kwa sababu utazikuta kila mahali ambapo fedha za chakula zinajadiliwa. Walisema vocha zilikuwa za dharura na sasa shule zimefunguliwa. Walisema Universal Credit imeongezwa pauni 20 kwa wiki, na halmashauri zimepewa pauni milioni 63 za kusaidia wenye shida. Wapo waliosema kulisha watoto ni wajibu wa wazazi, na serikali ikichukua nafasi hiyo inawafanya watu waitegemee.

Ile ya kwanza ina mantiki kama njaa ya likizo ingeletwa na korona, na Bradford inajibu kwamba haikuletwa. Ya milioni 63, halmashauri zenyewe zilisema zimeshazitumia, kwa kuwa zilitolewa kiangazi kwa matumizi ya muda mfupi. Ya pauni 20 ndiyo iliyokuwa nzito kweli. Kumwongezea mzazi fedha mkononi ni njia bora ya kumlisha mtoto, na ningeikubali kwa mikono miwili kama ingekuwa ya kudumu. Haikuwa. Oktoba 2021 pauni zile 20 ziliondolewa.

Kuhusu utegemezi, nasema kwa uzito wote ninaoweza: mtoto wa miaka 9 hana mshahara, hana kura, na hakuchagua kaya aliyozaliwa. Ukimnyima chakula Agosti ili mzazi wake ajifunze kujitegemea, anayelipia somo ni yeye.

Yaliyofuata kura ile yaligusa moyo. Rashford alishinda siku kadhaa akitangaza kwenye mtandao orodha ya mikahawa, maduka na halmashauri waliojitolea kulisha watoto wiki ya likizo, wengine wakiwa wafanyabiashara wadogo ambao korona ilikuwa imeshawakausha. Ombi lake lililowekwa kwenye tovuti ya Bunge lilivuka saini milioni moja. Wiki hiyohiyo aliingia kutoka benchi dhidi ya RB Leipzig kwenye Ligi ya Mabingwa akafunga mabao matatu, na sidhani kama kuna waziri aliyefurahia kumwona kwenye kila gazeti, kurasa za mbele na za nyuma.

Katika wema ule kulikuwa na hatari moja ambayo mtetezi hana budi kuiona. Sahani inayotolewa na mkahawa wa jirani inathibitisha kwamba jamii ina huruma, na papo hapo inampa waziri nafasi ya kusema kwamba jamii inajimudu. Aliye karibu na mkahawa mkarimu anakula. Aliye kijijini, kusiko na mkahawa, anangoja. Rashford aliiziba nafasi hiyo kwa namna niliyoipenda: kila alipowashukuru waliojitolea, alirudia kuiambia serikali kwamba ombi lake bado liko mezani. Wema wa watu hakuuacha ufunge mazungumzo.

Tarehe 7 Novemba Waziri Mkuu alimpigia simu. Kesho yake yakatangazwa pauni milioni 170 za ruzuku ya majira ya baridi kupitia halmashauri, angalau asilimia 80 zikitengwa kwa chakula na gharama za msingi za nyumba. Zikatangazwa pauni milioni 220 za kupanua mpango wa chakula na michezo wakati wa likizo za Pasaka, kiangazi na Krismasi mwaka 2021. Healthy Start ikapandishwa hadi pauni 4.25 kuanzia Aprili 2021. Hesabu madai: la pili limepatikana, la tatu limepatikana kwa upande wa kiasi. La kwanza, lile la kikomo, halikuguswa.

Karoti 2 na nyanya 1

Januari 2021 shule zikafungwa tena. Safari hii mwongozo wa serikali uliwapa kipaumbele vifurushi vya chakula vinavyotengenezwa na wazabuni wa shule, badala ya vocha. Tarehe 11 mama mmoja akaweka mtandaoni picha ya kifurushi alicholetewa, akiwa amepanga kila kitu sakafuni. Mkate mmoja. Maharage ya kopo, kopo moja. Vipande vya jibini. Karoti 2, ndizi 2, viazi 2, matufaha 3, nyanya 1. Mfuko wa tambi. Vipande viwili vya mkate mtamu na vipakiti 3 vya mtindi wa watoto. Alivyoelewa yeye, hiyo ilikuwa badala ya pauni 30, ya milo ya siku 10, na akakadiria kwamba supamaketi angevinunua vyote kwa pauni 5.22. Kampuni iliyokitengeneza ikajibu kwamba kifurushi kilikuwa cha siku 5, na kwamba ilitoza pauni 10.50 ikijumuisha chakula, ufungaji na usafirishaji. Tena ikaomba radhi.

Chukua maelezo ya kampuni kama yalivyo, bila kuongeza neno. Bado karibu nusu ya fedha haikufika sakafuni pa yule mama. Iliishia kwenye makasha, magari na gharama nyingine za njiani. Vocha ya pauni 15 ingemfikishia pauni 15. Na kifurushi kilimnyima kitu kingine kisicho na bei, nacho ni uamuzi. Mama anajua mtoto wake hali mtindi, anajua kabatini tambi zipo na mafuta hakuna. Mtungaji wa kifurushi hajui. Tofauti ya vocha na kifurushi ni tofauti ya kumwamini mzazi na kutomwamini, na safari hii kutomwamini kuligharimu zaidi.

Ndani ya siku chache serikali ililaani picha zile, ikaruhusu vocha, na tarehe 18 Januari mfumo wa kitaifa wa vocha ukarudi. Nadhani picha ile ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote ya mwezi ule. Haikuwa na kilio, wala uso wa mtoto. Ilikuwa orodha ya manunuzi yenye bei, ambayo kila aliyewahi kwenda sokoni angeweza kuikagua mwenyewe.

Funzo hapa ni la upande wetu sisi tunaodai. Kampeni ya mwaka 2020 ilibana sana kwenye swali la kiasi gani, na ikawa sahihi. Lakini ikaacha wazi swali la kwa njia gani, na pengo hilo likajazwa na mikataba. Dai la fedha za chakula likiandikwa, liandikwe pamoja na njia ya kuzifikisha na nani atakagua.

Zilizodumu na zisizodumu

Mpango wa chakula na michezo wa likizo umebaki. Katika bajeti ya Oktoba 2021 ulipewa zaidi ya pauni milioni 200 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na hilo ni tunda la moja kwa moja la kampeni. Ruzuku ya majira ya baridi nayo haikufa. Ilibadilishwa jina, na kuanzia Oktoba 2021 ikawa mfuko wa kusaidia kaya unaopitia halmashauri. Lakini ulitolewa kwa muda mfupi, ukaongezwa dakika za mwisho, ukaongezwa tena. Ofisa wa halmashauri asiyejua kama fedha zitakuwepo baada ya miezi 6 hawezi kuajiri mtu wala kusaini mkataba na jiko la kijamii. Anagawa alicho nacho na kungoja tangazo lijalo. Fedha za namna hiyo zinalisha, sikatai. Ila hazijengi kitu ambacho familia inaweza kukiegemea inapopanga mwezi ujao.

Na kikomo? Pauni 7,400 za Aprili 2018 zilibaki 7,400 mwaka 2020, zikabaki 7,400 bei za vyakula zilipopaa mwaka 2022 na 2023. Hapa pana ujanja usiotangazwa na mtu. Mishahara ya chini ikipanda kufuata bei na kikomo kisipande, kila mwaka kaya zinavuka mstari huku maisha yao yakiwa yaleyale au magumu zaidi. Bajeti inabanwa bila kura kupigwa, na bila waziri kusimama kusema amepunguza. Watoto waliokuwa wameshapata haki walikingwa kwa muda, lakini aliyekuja nyuma yao alipimwa kwa kipimo kile cha zamani. Kama ningeweza kurudi Juni 2020 na kumnong'oneza mtu wa kampeni ile neno moja, lingekuwa hili: mkipata hiyo milioni 120, siku hiyohiyo, kabla kamera hazijazimwa, dai la pili liwe kikomo. Kwa sababu Septemba, walipolileta, hofu ya serikali ilikuwa imeshapoa.

Hata hivyo hawakuliacha. Mashirika ya chakula, vyama vya walimu na baadhi ya halmashauri waliendelea kulirudia kila bajeti, mwaka baada ya mwaka, wakati Rashford mwenyewe ameshapungua kwenye vichwa vya habari. Serikali ikabadilika Julai 2024. Juni 2025 serikali mpya ya Labour ikatangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa Septemba 2026, kila mtoto wa England ambaye kaya yake inapokea Universal Credit atakuwa na haki ya mlo wa bure, bila kikomo cha mapato. Zaidi ya watoto 500,000 wangeingia kwenye orodha.

Ni dai la kwanza la Septemba 2020, karibu neno kwa neno. Limechukua miaka 6 tangu lilipowekwa mezani hadi tarehe ya kuanza. Lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 7 hadi 16. Aliyekuwa na miaka 10 siku lilipoandikwa ana 16 siku linapoanza kazi.